Vyumba Tisa Nyuma ya Stendi ya Bunda

Nilipanga kwa Mwanaupe binti Yunusu kuanzia mwaka 1983 mpaka siku aliponivunjia chumba, mwaka 1987. Hakunivunjia kwa ubaya. Ila ili hilo lieleweke, inabidi nianze mbali kidogo.

Alikuwa mzaliwa wa Musoma mjini, mtaa wa Kigera. Baba yake alikuwa fundi cherehani, mtu wa dini, babu zake Wamanyema na mama yake Mkwaya, kwa hiyo nyumbani kwao kilisemwa Kiswahili tu. Aliolewa Bunda na Shomari, makanika wa mabasi. Shomari alikufa mwaka 1978 baada ya jeki kuteleza akiwa chini ya gari. Alimwachia mkewe binti mmoja, Kudura, na nyumba ya vyumba vitatu kwenye kiwanja kilichopakana na stendi. Tangu hapo watu wote walimwita Mama Kudura, hata wale wasiomjua Kudura mwenyewe.

Wasiokuwepo miaka ile hawawezi kujua dizeli ilikuwa kitu gani. Basi la Mwanza lilifika Bunda likakaa siku tatu. Abiria wa Kibara, wa Mugumu na wa Tarime walishuka na mizigo yao wakaketi kwenye vumbi kusubiri gari la kuwamalizia safari, na gari halikuja. Mwanaupe aliwaona kila siku akifagia mbele ya mlango wake. Siku moja mwaka 1981 alimkaribisha mama mmoja wa Kibara aliyekuwa na mguu uliofungwa bendeji. Mama yule alitakiwa kuchomwa sindano kila siku kwa miezi miwili, na kwao ni zaidi ya nusu siku kwa gari, kama gari lipo. Alikaa ile miezi miwili yote. Alipoondoka, akaja mwingine aliyeelekezwa na yeye.

Ndivyo vyumba vilivyoanza kuongezeka. Hakuna kilichojengwa kwa tamaa, na hili nalisema kwa kuwa baadaye wapo waliosema hivyo. Cha nne kilikuwa cha wagonjwa. Cha tano alikipata Pelagia, mwanamke wa Kibara aliyekuwa anaishi kwa kukaanga sangara na kuwauzia abiria. Changu kilikuwa cha saba. Mimi ni Eliasi, Mzanaki, kwetu ni upande wa Butiama, na nilikuwa nimepangiwa kufundisha shule ya msingi pale mjini. Vilipofika tisa, hapakubaki nafasi hata ya kuanika nguo. Kuta ziligusana. Mtu akikohoa chumba cha kwanza, wa chumba cha nne alimwambia pole. Tulikuwa watu ishirini na watatu, choo kimoja cha shimo, na kisima kifupi karibu na mpaka wa jirani.

Mwishoni mwa mwaka 1985 walikuja wapimaji. Walichomeka bikoni zao, vigingi vya zege vya kuonyesha mipaka, kwenye pembe za mtaa, na wiki ile ile likabandikwa tangazo kwenye mti wa mbele ya posta. Tangazo lilisema kwamba kwa mujibu wa ramani ya mji, eneo lote hatua mia tatu kuzunguka stendi ni la ujazo mdogo: viwanja vipana, nyumba moja kila kiwanja, familia moja kila nyumba. Kilichozidi kibomolewe ndani ya miezi sita. Wapangaji wangetafuta makazi katika eneo la ujazo mkubwa, ambalo ramani ilikuwa imeliweka chini ya mlima Balili, mwendo wa saa nzima kwa miguu.

Nilimsomea Mwanaupe tangazo lile mara mbili. Mara ya pili aliniambia nisome polepole.

"Familia moja," alisema. "Mimi na Kudura."

"Ndiyo, mama."

"Na nyie wengine mwende mlimani."

"Ndivyo lilivyoandikwa."

Kesho yake alivaa baibui lake la Idi akaenda ofisi ya mipango miji, akanichukua nimsindikize kwa kuwa aliogopa Kiingereza cha ofisini.

Afisa aliyetupokea alikuwa kijana wa miaka kama ishirini na minane, Silasi Burito, ametoka chuoni si muda mrefu. Alimwamkia, akamvutia kiti. Nilikuwa nimejiandaa kwa mtu mkali. Huyu alikuwa mpole, na ugumu wake ulikuwa ndani ya upole huo huo.

"Mama, ramani hii ilichorwa kabla mimi sijaja," alisema. "Wakati ule stendi ilikusudiwa kujengwa upande mwingine wa mji. Hapa pakapangwa pawe pa nyumba kubwa zenye bustani. Stendi ikaja huku, ramani haikubadilishwa."

"Basi ibadilisheni."

"Si rahisi hivyo. Na hata ingekuwa rahisi, msongamano ni hatari. Watu wengi, choo kimoja, moto, magonjwa. Hizi sheria hazikutungwa kwa kuwaonea watu."

Mwanaupe alimtazama. "Mwanangu, wewe gari unapandaga?"

"Napanda, mama."

"Ukishuka, mzigo wako anaubebaga nani?"

Silasi alicheka kidogo.

"Njoo ukae kibarazani kwangu siku moja ya gulio," alisema Mwanaupe. "Usiseme kitu. Kaa tu. Jioni uniambie nani akae karibu na stendi na nani akae mlimani."

Sikudhani angekuja. Alikuja, Jumamosi iliyofuata, na daftari lake. Aliketi kwenye mkeka tangu saa mbili asubuhi. Aliandika nani ameshuka, ametoka wapi, amebeba nini, anaelekea wapi. Mwenye gari lake hakumwona hata mmoja. Wenye magari hawana shida na stendi. Aliona wanawake wa dagaa kutoka Kibara na magunia yao, aliona wagonjwa, aliona walimu wa vijijini waliofuata mshahara wakaambiwa warudi Jumatatu. Kwenye saa saba Pelagia alipokea kapu lake la sangara kutoka kwenye lori.

Silasi akamuuliza, "Dada, kapu hili ukiambiwa ulipeleke kule chini ya mlima, utaweza?"

Pelagia alikuwa mtu wa maneno machache na mikono mikubwa. Alisema, "Jaribu wewe."

Watu walicheka, lakini yeye hakuwa anatania, na Silasi aliliona hilo. Alivua koti akanipa nilishike. Tulimtwisha kapu. Alikwenda nalo kuelekea Balili, Pelagia akiwa mbele anamwonyesha njia, mimi nyuma na koti. Maji ya samaki yalimtiririkia shingoni. Tulipopita nyumba za mwisho za mji alisimama akaniomba nimtue. Tulikuwa hatujafika hata nusu. Alikaa juu ya jiwe, akayatazama majani marefu yaliyokuwa yanangoja hivyo viwanja vya ujazo mkubwa, na bikoni zilizochomoza humo.

"Na angetakiwa kurudi stendi kuwauza," alisema, kama anayejiambia mwenyewe.

"Wakiwa wa moto," alisema Pelagia.

Mwezi wa pili mwaka 1986 kikao cha madiwani kilikaa kusikiliza maoni. Barua ya Mwanaupe niliiandika mimi, na nilijivunia sana. Niliandika kwamba mwenye miguu ndiye mwenye haki ya kuwa karibu na gari, na kwamba mji unaomweka mchukuzi mlimani na mwenye gari stendi umevaa viatu mguu sio. Mwanaupe mwenyewe alisimama akasema mambo mafupi tu. Kisha Silasi akasoma daftari lake. Alisoma bila madoido, majina na mizigo.

Diwani mmoja aliuliza, "Na vyoo? Watu wakiruhusiwa kujazana, vyoo vitakuwaje?"

Mwanaupe akajibu, "Vyoo tutachimba."

Diwani akaketi. Nilikuwa nimeketi pembeni yake na nilijua kiwanja chetu hakikuwa na pa kuchimba, labda mtu angebomoa. Sikusema kitu. Kwenye barua yangu nzuri neno choo halikuwemo.

Walikubali, na bomoabomoa ikasimamishwa. Ilichukua miezi na mihuri, lakini kufikia mwisho wa mwaka hatua mia tatu kuzunguka stendi zikawa za ujazo mkubwa. Tangazo jipya lilibandikwa juu ya lile la zamani. Mwanaupe alipika pilau. Hata Silasi alikula nasi, ameketi kati yangu na Pelagia, na tulimtania kuhusu shingo yake.

Choo tuliendelea kukisema. Saruji haikupatikana, ilipopatikana, ilikuwa ya kibali. Mwezi ukaisha, mwingine ukaanza. Mvua za masika mwaka 1987 zikatukuta hivyo.

Zilikuwa mvua nzito. Shimo la choo lilijaa maji likafurika uani, na maji yale yalitembea taratibu, hayakuhitaji kuonyeshwa njia, mpaka kisimani. Tuliyaona. Tulisema mvua ikikata tutakisafisha kisima.

Wa kwanza kuugua alikuwa msafiri. Alishuka kwenye basi la Mwanza siku ya Jumatano, akaomba mahali pa kukaa mpaka apate gari. Alikuwa mwanamume wa makamo, mwembamba, amevaa suti ya kijivu iliyofifia, na mkononi ana mche wa sabuni ya kufulia umefungwa kwa gazeti. Siku ya pili alianza kutapika na kuhara. Tulipomfikisha hospitali macho yalikuwa yameshazama. Alikufa saa nane mchana. Alikuwa mgeni wetu kwa siku mbili na hakuna aliyekuwa amemuuliza jina.

Mwanaupe alilishika hilo kuliko yote. Alirudi nyumbani akaenda chumba hadi chumba.

"Alikwambia anaitwa nani?"

"Hapana, mama."

"Alisema anakwenda wapi?"

Mmoja alisema Mugumu. Mwingine alisema Tarime. Hatukujua kama tumwite shehe au katekista. Mwishowe walikuja wote wawili, kila mmoja akaomba kwa namna yake, na serikali ikamzika haraka kwa sababu ya kipindupindu.

Ijumaa Pelagia akaanguka karibu na karai lake la mafuta. Alikuwa ametumia maji ya kisima kile kuoshea samaki, kama siku zote. Dripu zilikuwa chache na wagonjwa wengi. Nilikaa naye hospitali siku ya Jumamosi. Ile mikono mikubwa ilikuwa imesinyaa, ngozi yake ukiifinya inabaki imesimama. Aliniomba nimwandikie barua mama yake Kibara. Nilitoa karatasi nikauliza nianze vipi. Alifikiri muda mrefu, kisha akasema, "Mwambie samaki wa wiki hii asilete." Alifariki kabla ya adhuhuri.

Bwana afya alikuja na chokaa, akafunga kisima, akatia nyumba karantini. Hatukutoka uani kwa siku kumi na nne. Wengine wanne waliugua, wakapona kwa maji ya chumvi na sukari ambayo Mwanaupe aliwanywesha kwa kijiko, mmoja baada ya mwingine.

Siku ya mwisho ya karantini alitukusanya. Alikuwa amekonda. Alisimama katikati ya uwanja uliobaki, ambao haukuzidi upana wa mikono miwili iliyonyooshwa.

"Mimi ndiye niliyesimama mbele ya watu nikasema choo tutachimba," alisema. "Hakunituma mtu. Pelagia alinisikia nikisema. Aliamini."

Nikasema, "Mama, hata mimi nilijua. Barua niliandika mimi."

"Basi tulikuwa wawili," alisema. Hakunipunguzia, wala sikutaka anipunguzie.

Kisha akatwambia lile alilokuwa ameamua. Vyumba vitatu vingevunjwa: cha sita, changu cha saba, na chumba chake mwenyewe cha kulala. Tofali zake zingejengea shimo jipya, lenye kuta, mbali na mpaka. Na kati ya vyumba vilivyobaki ungepita ujia. Yeye na Kudura wangelala sebuleni.

Mpangaji wa chumba cha sita alikuwa fundi viatu, mzee. Aliuliza, "Na sisi tutaenda wapi, Mama Kudura?"

"Sijui, baba," alisema Mwanaupe. "Sijui. Nisamehe."

Hilo ndilo lililoniuma zaidi katika mambo yote. Mtu aliyepigana ili tusifukuzwe, sasa anatufukuza, na ana haki. Nilibomoa chumba changu kwa mikono yangu mwenyewe, tofali kwa tofali, kwa siku mbili, kisha nikahamia kwenye nyumba ya shule. Fundi viatu alikwenda Balili. Alijaribu kutembea kuja stendi kila siku kwa mwaka mmoja hivi, baadaye akaacha, akarudi kwao Bugwema.

Choo kilipokwisha, Mwanaupe alirudi kwa Silasi. Safari hii alikwenda peke yake. Alimkuta ana barua ya onyo mezani, kwa kuwa wakubwa wake walikuwa wanasema yeye ndiye aliyewashawishi madiwani na ndiye chanzo cha vifo.

Silasi alinisimulia baadaye. "Nilidhani amekuja kulia. Akaniambia, 'Chukua kalamu.'"

Aliyomwandikisha yalikuwa manne. Vyumba sita visizidi kwa shimo moja. Shimo lijengewe tofali. Kisima kisichimbwe tena ndani ya viwanja vya stendi, bali liwekwe bomba la wote. Na kati ya nyumba na nyumba iachwe njia ya hatua mbili, isiyojengwa wala kupangishwa. Silasi aliyapanga kwa lugha ya ofisi, akayapeleka kikaoni kama masharti ya ujazo mkubwa.

Nilihudhuria kikao hicho mwaka 1988. Diwani yule yule aliyeuliza habari za vyoo alisimama kwa hasira.

"Mama, wewe ndiye uliyetuomba watu wakae wengi. Leo unataka tuwapunguze? Utuambie moja."

"Siombi wapunguzwe," alisema Mwanaupe. "Wakae wengi, karibu na gari lao, kama nilivyosema. Nililosema si la uongo. Ila nililisema nusu. Mimi nimezika mtu simjui jina. Sitaki mwingine azike."

Masharti yalipita. Bomba lilichukua miaka miwili kufika, na Silasi hakuwepo kuliona, alikuwa ameshahamishiwa wilaya ya mbali. Onyo lake halikufutwa.

Miaka ikageuka. Dizeli ikapatikana, saruji ikarundikwa madukani kama unga, mitumba ikajaa stendi. Kiwanja nyuma ya stendi, ambacho zamani hakuna mwenye fedha aliyekitamani, sasa kilitafutwa. Mfanyabiashara mmoja, Hamduni, alinunua viwanja viwili jirani na Mwanaupe mwaka 1992, akataka kujenga nyumba ya wageni ya kuta mpaka kwenye bikoni. Mwanaupe alimwendea akiwa na nakala ya masharti kwenye mfuko wa plastiki.

"Mama Kudura, biashara sasa ni huria," Hamduni alimwambia. "Mambo ya vibali yameshapita."

"Choo hakijapita, mwanangu. Acha njia."

Walivutana karibu mwaka mzima. Hamduni alimheshimu, lakini alikuwa na ramani yake na fundi wake. Alipeleka shauri lake ofisini akidhani karatasi ile ya zamani itapuuzwa. Ofisi ilikuta imepigwa muhuri, na hakuna aliyetaka kuwa mtu wa kuufuta. Alirudisha ukuta wake nyuma hatua mbili. Hakumsemesha Mwanaupe kwa muda mrefu baada ya hapo.

Upande wa pili wa stendi mambo hayakwenda hivyo. Kule watu walijenga haraka kabla ya mkaguzi kufika, ukuta kwa ukuta, na hakukuwa na wa kuwasimamisha. Mwaka 1994 nyumba nne ziliungua kwa mkupuo mmoja mchana kweupe, gari la maji halikupata pa kupita. Hakufa mtu. Mwanaupe alipelekwa kuangalia. Alisimama pale muda mrefu, ameshika mkongojo, akaniambia, "Hawa sikuwafikia."

Nilimwambia hakuwa serikali, asingeweza kumfikia kila mtu.

Miguu ilipokataa kabisa Kudura alimchukua kwenda Musoma, Kigera, alikozaliwa. Nyumba ya Bunda ilibaki na wapangaji wake sita. Alifariki Agosti 1995, Jumapili, akiwa na miaka kama sitini na mitatu. Habari tulizipata stendi, zililetwa na kondakta.

Kwenye hitima nilimkuta Silasi Burito. Kichwa kilikuwa kimeanza mvi. Alikuwa amesafiri siku mbili. Tulisalimiana, tukaketi pamoja. Alikuwepo pia mama wa makamo kutoka Kibara, mwenye kovu refu mguuni, ambaye hata Kudura, aliyekuwa mdogo mwaka 1981, hakumtambua. Alikaa na wanawake wengine, akawasaidia kupakua chakula, akaosha sufuria. Kudura alimuuliza jina lake, akaliandika.

Mchana, watu walipoanza kutawanyika, wengi wetu tuliwahi basi la saa tisa kurudi Bunda.